Mawingu Juu ya Kansas City: Je, Chipukizi Huleta Ubingwa?

Usiku wa tarehe 1 Novemba 2015, mjini New York, mchezo wa tano wa World Series, fainali ya besiboli ya Marekani, ulifika awamu ya 12 timu zikiwa sare, 2-2. Ned Yost, kocha wa Kansas City Royals, aligeukia benchi akamwita Christian Colon. Kijana huyu hakuwa ameingia kupiga hata mara moja tangu hatua ya mtoano ianze; karibu mwezi mzima alikuwa akisugua benchi huku wenzake wakipigania taji. Akaingia, akaupiga mpira ukadondoka upande wa kushoto wa uwanja, Jarrod Dyson akakimbia hadi nyumbani, Royals wakaongoza 3-2. Kabla awamu hiyo haijaisha walishaongeza mikimbio minne mingine. Mchezo uliisha 7-2, na klabu ikatwaa ubingwa wake wa kwanza tangu 1985.

Mwaka 2010 Royals walimteua Colon akiwa wa nne miongoni mwa vijana wote waliokuwa wakigombewa Marekani. Nafasi tatu baada yake, New York Mets walimchukua mrushaji Matt Harvey. Aliyewanyamazisha wapigaji wa Royals kwa awamu nane mfululizo usiku ule wa 2015 alikuwa Harvey huyohuyo. Ukimpima Colon kama mchezaji, Royals walikosea: hakuwahi kupata namba ya kudumu, na kadhaa walioteuliwa nyuma yake walimpita mbali. Ukimpima kwa pigo lile moja, sidhani kama kuna shabiki wa Kansas City ambaye angekubali kumbadilisha na mtu.

Kila mwaka wachambuzi wa besiboli hutoa orodha za chipukizi bora na kuzipanga klabu kwa wingi wa vipaji vyao, na mashabiki wa klabu zinazofungwa kila siku hushika orodha hizo kama mkulima anayetazama angani. Dalili ya mvua ni mawingu, na wao wana mawingu tele. Ninachotaka kujua ni mvua yenyewe hunyesha mara ngapi, na kwa nini mawingu mengine hupita tu.

Msomaji aliyezoea soka anahitaji maelezo kidogo hapa. Kwenye soka, kijana wa miaka 18 mwenye kipaji kikubwa anaweza kuingia kikosi cha kwanza msimu huohuo. Kwenye besiboli hilo ni nadra mno. Ligi Kuu ya Marekani ina klabu 30, na kila klabu ina timu zake za chini zilizopangwa kama madarasa ya shule. Tangu 2021 ziko 120, katika madaraja manne. Vijana wa Marekani, Kanada na Puerto Rico huteuliwa kwa zamu katika drafti ya kila mwaka, iliyoanza 1965, na kwa kawaida klabu zilizofanya vibaya ndizo hutangulia kuchagua. Wale wa Jamhuri ya Dominika, Venezuela na kwingineko husajiliwa moja kwa moja, wengi wakiwa na miaka 16 tu. Kisha hupanda darasa kwa darasa, miaka mitatu, mitano, hata minane. Wamarekani huuita mfumo huu shamba. Aliyeuasisi, Branch Rickey wa St. Louis Cardinals katika miaka ya 1920, aliona jambo moja: klabu isiyo na fedha za kununua wachezaji waliokomaa inaweza kuwakuza wake.

Hesabu ya Rickey bado inatawala. Mchezaji anapofika Ligi Kuu, klabu humshikilia kwa misimu sita kamili kabla hajawa huru kwenda atakako. Katika misimu takriban mitatu ya mwanzo hulipwa mshahara unaokaribia kima cha chini, ambacho mwaka 2024 kilikuwa dola 740,000. Kwetu hizo ni fedha za kutisha, lakini nyota aliye huru hulipwa dola milioni 30 au zaidi kwa mwaka. Klabu ya New York au Los Angeles inaweza kununua. Klabu ya Kansas City haina njia nyingine ila kuotesha, tena ikijua kwamba siku mche unapozaa ndiyo siku saa ya kuondoka kwake inaanza kuhesabu.

Royals walianza kuotesha wakiwa chini kabisa. Kati ya 2002 na 2006 walipoteza michezo 100 au zaidi katika misimu minne kati ya mitano. Katikati ya 2006 walimwajiri Dayton Moore, aliyelelewa kikazi na Atlanta Braves, awe meneja mkuu. Alikaa miaka mitano akipanda. Mwanzoni mwa 2011 jarida la Baseball America lilipotoa orodha yake ya chipukizi 100 bora, tisa walikuwa wa Royals, na watano kati yao wakiwa ndani ya 20 bora. Hadi wakati huo hakuna klabu iliyokuwa imewahi kuweka tisa. Wengi walisema hilo lilikuwa shamba bora kuliko yote yaliyowahi kuonekana.

Tuwafuate mmoja mmoja, kwa kuwa jibu liko katika safari zao. Eric Hosmer, wa nane katika orodha, na Mike Moustakas, wa tisa, wakawa nguzo za kikosi cha ubingwa. Wil Myers, wa kumi, alitwaa tuzo ya mchezaji mpya bora wa American League, moja ya ligi mbili zilizo ndani ya Ligi Kuu, mwaka 2013, lakini akiwa amevaa jezi ya Tampa Bay Rays. John Lamb, wa 18, alifanyiwa upasuaji wa kiwiko mwaka huohuo wa 2011 na hakurudi kuwa yule aliyetarajiwa. Mike Montgomery, wa 19, aliuzwa kabla hajacheza hata mchezo mmoja wa Ligi Kuu. Colon, wa 51, tumeshamwona. Danny Duffy, wa 68, aliwahi kuondoka kambini mwaka 2010 akaacha mchezo kabisa, akarudi, akafanyiwa upasuaji wa kiwiko mwaka 2012, akarudi tena, na mwaka 2015 alikuwamo kikosini. Jake Odorizzi, wa 69, akawa mrushaji mzuri wa kutegemewa katika klabu nyingine. Chris Dwyer, wa 83, alionja Ligi Kuu kidogo tu mwaka 2013.

Kwa hesabu ya juu juu, tisa walizaa wanne waliovaa jezi ya bingwa, na kati ya hao wawili tu ndio waliokuwa wakianza kila siku. Shamba bora kuliko yote limetoa nguzo mbili. Mwaka huohuo wa 2011 mwandishi mmoja aliyekuwa akiifuatilia klabu hii alipitia orodha za Baseball America za kuanzia 1990 hadi 2003, akakuta kwamba takriban saba kati ya kila chipukizi kumi waliotajwa humo walishindwa kuwa wachezaji wa maana katika Ligi Kuu, na kwamba warushaji walianguka zaidi kuliko wapigaji. Kwa kipimo hicho Royals walipata kile ambacho klabu yoyote ingepata.

Inafaa tusimame kidogo kwa warushaji. Kati ya tisa wale watano walikuwa warushaji, na Duffy peke yake ndiye aliyefika kwenye fainali ya 2015 akiwa na Royals. Mkono wa binadamu haukuumbwa kurusha mpira kwa kasi ya kilomita 150 kwa saa mara 100 kwa siku, kisha urudie baada ya siku tano. Kano ya kiwiko hukatika. Tangu daktari Frank Jobe alipoibadilisha ile ya mrushaji Tommy John mwaka 1974, upasuaji huo umeokoa kazi za wengi, ila unakula mwaka mzima au zaidi wa ujana wa mtu, na si wote wanaorudi na mkono uleule. Mets waliwahi kujenga matumaini yao ya miaka ya 1990 juu ya vijana watatu, Bill Pulsipher, Jason Isringhausen na Paul Wilson, ambao magazeti yaliwapa jina la Generation K. Wote watatu waliumia. Isringhausen alikuja kung'ara baadaye, akiwa mrushaji wa kumalizia michezo, katika klabu nyingine. Klabu inayotegemea warushaji wachanga imeweka akiba yake kwenye chungu cha udongo, na ninaposoma orodha yoyote mpya ninaanza kwa kuhesabu wapigaji.

Lakini hesabu ya wawili kati ya tisa inadanganya, na kosa la wengi wanaojadili jambo hili huanzia hapo. Wanauliza chipukizi huyu atakuwa nyota au hatakuwa. Meneja mkuu ana swali la pili: kijana huyu leo ana thamani gani machoni pa wengine?

Desemba 2012 Moore aliwapa Tampa Bay vijana wanne, wakiwamo Myers, Odorizzi na Montgomery, akapata warushaji James Shields na Wade Davis. Alilaumiwa vikali. Myers alikuwa na miaka 22 na misimu sita mbele yake kwa bei ya chini. Shields alibakiza miwili tu kabla ya kuwa huru. Msimu wa 2013 ulionekana kuwathibitisha waliolaumu: Myers akachukua tuzo, Rays wakaingia mtoano, Royals wakashinda michezo 86 na kubaki nje. Hata hivyo, michezo hiyo 86 ilitoka kwenye 72 ya mwaka uliotangulia. Shields aliwafundisha vijana namna timu inayoshinda inavyojiandaa. Davis, aliyeonekana hafai kuanzisha michezo, mwaka 2014 alihamishiwa kwenye kazi ya kurusha awamu za mwishoni, akawa ukuta: msimu ule aliruhusu wastani wa mkimbio 1.00 kwa kila awamu tisa, na 0.94 msimu uliofuata. Usiku ule wa New York, mpira wa mwisho ulirushwa na Davis.

Ukirudi nyuma, Desemba 2010, Moore alimuuza Zack Greinke, mrushaji bora aliyekuwa amechoka kufungwa, kwa Milwaukee. Akapata Lorenzo Cain na Alcides Escobar, na Odorizzi pia, ambaye ndivyo alivyoingia kwenye orodha ile ya tisa. Cain alikuja kuwa mchezaji bora wa fainali ya American League mwaka 2014, Escobar mwaka 2015. Julai 2015 Lamb na warushaji wengine wawili wachanga walikwenda Cincinnati, akaja Johnny Cueto, ambaye katika mchezo wa pili wa World Series alirusha awamu zote tisa akiwaruhusu Mets mapigo mawili tu. Kijana mwingine aliyeahidi mengi, Sean Manaea, alikwenda Oakland, akaja Ben Zobrist.

Sasa rudia hesabu. Wanne walicheza. Watatu walinunua Shields na Davis. Lamb, ambaye kiwiko chake kilikwishaharibika, alisaidia kumnunua Cueto. Wanane kati ya tisa wana alama za vidole kwenye kombe lile, na nusu yao hawakucheza hata mpira mmoja wa fainali. Ukweli huu unanigusa kuliko takwimu zote za besiboli, kwa sababu unaonyesha kwamba kipaji cha mtu kinaweza kuijenga timu hata pale kilipokatika njiani. Royals hawakuvuna kila walichopanda. Sehemu waliila, sehemu waliipeleka sokoni ingali mbichi na bei iko juu, na walijua ipi ni ipi.

Kwenye kombe hilohilo kuna pia alama za watu ambao hakuna orodha iliyowataja. Tulitazame upya pigo la Colon. Awamu ile ya 12 ilianzishwa na Salvador Pérez, mdakaji kutoka Venezuela, aliyesajiliwa mwaka 2006 kwa dola 65,000 na ambaye hakuwamo katika 100 bora wa 2011. Alipopiga na kufika kituo cha kwanza, Yost alimtoa, akamwingiza Dyson akimbie badala yake. Dyson alikuwa ameteuliwa raundi ya 50 ya drafti ya 2006, raundi ya mwisho kabisa. Akaiba kituo cha pili. Alex Gordon, aliyeteuliwa wa pili nchini mwaka 2005, akapiga mpira uliomtoa yeye mwenyewe lakini ukamsogeza Dyson hadi cha tatu. Ndipo akaja Colon, chaguo la nne la 2010. Mkimbio uliowapa ubingwa ulipita mikononi mwa watu wanne, wawili waliotarajiwa na taifa zima na wawili ambao hakuna aliyewatarajia. Pérez ndiye aliyetajwa kuwa mchezaji bora wa fainali. Siku hizi drafti ina raundi 20 tu. Kijana wa aina ya Dyson hateuliwi tena.

Orodha huona pale maskauti wanapokwenda. Mwaka 2011 timu ya watoto wa Uganda ilifuzu kwenda Marekani kwenye mashindano ya dunia ya Little League ikanyimwa viza. Mwaka uliofuata vijana wa Lugazi wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza huko. Miaka kumi baadaye Los Angeles Dodgers waliwasajili Waganda Ben Serunkuma na Umar Male, na Pittsburgh Pirates nao wakamsajili David Matoma. Walianzia darasa la chini kabisa la mfumo niliousimulia. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alisaini na Pirates mwaka 2008 na akashuka dimbani katika Ligi Kuu Aprili 2017, Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo. Miaka tisa. Akapiga mpira mzuri mara yake ya kwanza kuingia, na hata angeishia hapo, njia ilishakatwa msituni.

Basi tuseme klabu imebahatika kumpata kijana bora kuliko wote. Je, hilo linatosha? Orodha ya 2011 ina jibu juu kabisa. Wa kwanza alikuwa Bryce Harper wa Washington Nationals, wa pili Mike Trout wa Los Angeles Angels, wa tatu Jesús Montero wa New York Yankees. Montero hakufika popote. Harper na Trout walitimiza kila kilichoahidiwa, na zaidi. Nationals wakiwa na Harper waliingia mtoano mara nne wasishinde raundi hata moja. Aliondoka kabla ya msimu wa 2019, na mwaka huohuo wakawa mabingwa. Trout, aliyetwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi yake mara tatu, ameingia mtoano mara moja tu, mwaka 2014, akatolewa kwa michezo mitatu mfululizo. Waliomtoa ni Royals. Kwenye mpira wa kikapu mtu mmoja kati ya watano anaweza kubeba timu. Kwenye besiboli hata Trout huingia kupiga mara moja tu katika kila zamu tisa, na mrushaji bora hupumzika siku nne kati ya tano. Ndiyo maana kina cha shamba kina uzito kuliko urefu wa mti mmoja.

Kina nacho hakitoshi bila uvumilivu wa kukitunza, na hapa Royals walipitia mateso ambayo wengi wanayasahau. Gordon alishindwa kucheza kituo cha tatu, mwaka 2010 akarudishwa Omaha, ngazi ya chini, akajifunza upya kucheza upande wa kushoto wa uwanja. Hosmer alivuma mwaka wake wa kwanza, wa pili akaporomoka. Moustakas alirudishwa Omaha Mei 2014 akiwa na miaka 25. Oktoba ya mwaka huohuo alipiga mipira mitano nje ya uwanja katika mtoano. Klabu nyingine ingeshamuuza kwa bei ya kutupa. Msimu kwa msimu, tangu orodha ile itoke, Royals walishinda michezo 71, kisha 72, 86, 89, na hatimaye 95. Miaka miwili ya kwanza haikuwa na dalili yoyote ya mvua.

Linganisha na Chicago White Sox. Desemba 2016 walimuuza Chris Sale kwa Boston, wakampata Yoán Moncada, chipukizi aliyekuwa gumzo kuliko wote wakati ule. Mwaka uliofuata wakamuuza José Quintana kwa majirani zao Cubs, wakampata Eloy Jiménez na Dylan Cease. Wakaongeza Luis Robert kutoka Kuba. Kwa miaka miwili mitatu waliitwa timu ya kesho. Wakaingia mtoano 2020 na 2021, wakatolewa raundi yao ya kwanza mara zote mbili. Mwaka 2024 walipoteza michezo 121, wingi ambao hakuna klabu ya zama hizi iliyowahi kuufikia.

Nini kiliwapata? Majeraha, ndiyo, hasa ya Jiménez na Robert. Ila majeraha huikuta kila klabu. White Sox hawakuwa na kundi la pili nyuma ya lile la kwanza, na walipofika karibu na kilele hawakutaka kulipa kilichobaki. Walimtaka Manny Machado mwaka 2019, akaenda San Diego kwa dola milioni 300. Mkataba mkubwa kuliko yote katika historia yao ya zaidi ya miaka 120 ulikuwa wa Andrew Benintendi, dola milioni 75. Vijana walipewa kazi ya kuwa timu nzima, na hakuna kizazi cha vijana kinachoweza kazi hiyo.

Houston Astros na Chicago Cubs ndio mfano unaotajwa kila mara na wanaoamini njia ya kufungwa makusudi ili kupata chaguo la juu. Astros walipoteza 106, 107 na 111 kati ya 2011 na 2013, wakawa mabingwa 2017, ubingwa wenye doa la kuiba ishara za wapinzani, ambalo ligi iliwaadhibu kwalo mwaka 2020. Katika kikosi chao Carlos Correa alikuwa chaguo la kwanza la 2012. Chaguo lao la kwanza la 2013, Mark Appel, alifika Ligi Kuu mwaka 2022, akiwa Philadelphia. José Altuve, roho ya timu ile, alisajiliwa kwa dola 15,000 baada ya kuambiwa na maskauti asirudi siku ya pili kwa kuwa ni mfupi mno. Na ubingwa haukuja hadi walipotoa vijana watatu Agosti 2017 wakamleta Justin Verlander. Cubs nao walimtoa Gleyber Torres, mmoja wa chipukizi bora wa nchi, wakapata miezi mitatu ya Aroldis Chapman na taji lao la kwanza tangu 1908. Mrushaji aliyefunga mchezo wa mwisho wa fainali ile ya 2016, awamu ya 10, mjini Cleveland, alikuwa Mike Montgomery, yule wa 19 katika orodha ya 2011. Alikuwa amepita Tampa na Seattle kabla ya kufika pale.

Mfano unaoniumiza zaidi leo ni Baltimore Orioles. Walipoteza michezo 115 mwaka 2018, kisha, chini ya meneja mkuu mpya, Mike Elias, aliyetoka Houston, 108 mwaka 2019 na 110 mwaka 2021. Shamba lao lilisifiwa kama lile la Kansas City la zamani. Adley Rutschman alikuwa chaguo la kwanza la 2019; Gunnar Henderson aliokotwa mwaka uleule raundi ya pili; Jackson Holliday akawa chaguo la kwanza la 2022. Mwaka 2023 walishinda michezo 101, kisha Texas Rangers wakawatoa 3-0. Mwaka 2024 walishinda 91 na wakatolewa tena bila kushinda mchezo. Mwaka 2025 walimaliza na 75, kocha Brandon Hyde akafukuzwa Mei.

Walikuwa na wapigaji vijana wengi kuliko nafasi za kuwachezesha, na warushaji pungufu. Waliwahi kufanya kama Moore, Februari 2024, walipotoa wawili kumpata mrushaji Corbin Burnes, na Burnes alikuwa kila alichotarajiwa kuwa. Msimu ulipoisha akawa huru, Arizona wakampa dola milioni 210, na Baltimore wakajaza pengo lake kwa warushaji wenye umri mkubwa, kwa mikataba ya mwaka mmoja mmoja. Waliendelea kulinda akiba ghalani wakati mvua ilishaanza kunyesha. Kwa maoni yangu bado hawajachelewa, maana Henderson alikuwa hajatimiza hata miaka 25 msimu wa 2025 ulipoisha, lakini misimu sita ya kila mmoja inahesabika, na 2023 hairudi.

Gharama ya njia ya Moore nayo isifichwe. Baada ya 2015 Royals walishinda 81, kisha 80. Hosmer akaenda San Diego kwa dola milioni 144, Cain akarudi Milwaukee, Moustakas akamfuata huko katikati ya 2018. Mwaka huo walipoteza 104. Shamba lilikuwa limeuzwa na kuliwa, na Moore mwenyewe aliachishwa kazi Septemba 2022. Mwaka 2023 walipoteza 106. Wapo wanaosema hayo ni malipo makubwa mno kwa kombe moja. Mimi siwaungi mkono. Siku mbili baada ya pigo la Colon shule za Kansas City zilifungwa, na makadirio ya siku ile yalisema watu 800,000 walijaa mitaani kushangilia, katika jiji lililokuwa na wakazi wasiofika laki tano wakati huo. Wengi wao walikuwa hawajazaliwa mwaka 1985.

Februari 2024 Royals walimpa Bobby Witt Jr. mkataba wa miaka 11 wa dola milioni 288.7, jambo ambalo klabu hii haikuwahi kulikaribia. Witt aliteuliwa wa pili katika drafti ya 2019, nafasi moja nyuma ya Rutschman. Mara hii hawakungoja misimu sita iishe ndipo wampoteze, na katika miezi hiyohiyo walitumia zaidi ya dola milioni 100 kuwasajili waliokomaa, Seth Lugo na Michael Wacha miongoni mwao. Wakatoka kwenye ushindi 56 hadi 86 ndani ya mwaka mmoja, wakaingia mtoano, wakapangwa na Baltimore, ugenini. Walishinda 1-0 na 2-1. Mikimbio iliyoamua michezo yote miwili ililetwa na mapigo ya Witt. Kikosini, kati ya wote waliokuwa New York usiku ule wa 2015, alikuwa amebaki mmoja, nahodha wao, akiwa na miaka 34: Salvador Pérez, wa dola 65,000.